Siku Tatu za Kulizunguka Duka la Miwani

Watu huenda pwani kupumzika. Kitinda alikwenda pwani akachoka kuliko alivyokuwa kazini, na kilichomchosha si jua wala mchanga. Kilichomchosha ni duka moja la miwani lenye mlango wa kijani, ambalo kwa siku tatu nzima alilipita, akalizunguka, akalichungulia kutoka ng'ambo ya barabara, na kila mara miguu ikakataa kuvuka.

Jina la Kitinda walimpa nyumbani kwao kwa kuwa yeye ndiye kitinda mimba, wa sita kati ya sita, na likamganda mpaka ukubwani. Miaka yake ishirini na tisa, kazi yake kupima macho. Miezi minane nyuma alikuwa amevuka mpaka na begi moja kwenda kujitolea katika hospitali ya bara ya nchi jirani, mahali ambapo watu walikuwa wakitembea saa nne kuja kuambiwa kumbe si uchawi, ni macho tu, na dawa yake ni vioo viwili na fremu. Hospitali yenyewe haikuwa na mashine ya kukata lenzi. Kila Ijumaa Kitinda alikusanya fomu za oda, akazitia kwenye bahasha, bahasha ikapanda basi ikashuka mji huu wa pwani kwa fundi mmoja wa miwani. Wiki iliyofuata miwani ilirudi katika sanduku, kila moja imefungwa kwa kitambaa, tayari kwa mwenyewe.

Sasa balaa lilianza kwa kosa. Jioni moja, baada ya kupima watu sitini tangu asubuhi, Kitinda aliandika kwenye fomu ya bibi mmoja kwamba umbali kati ya mboni zake mbili ni milimita tisini na mbili, badala ya sitini na mbili. Sanduku liliporudi, miwani ya yule bibi haikuwemo. Palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara mbili.

“Mpimaji,” kikaratasi kilisema, “mgonjwa huyu ni mtu au ng'ombe? Kama ni mtu, mpime tena. Kama ni ng'ombe, niandikie na upana wa pua. Fundi.”

Kitinda alicheka mpaka wauguzi wakaja kuuliza kulikoni. Ijumaa ile akajibu: “Ni mtu. Ng'ombe ni mimi. Sitini na mbili.”

Basi yakawa mazoea. Hakuna sanduku lililorudi bila kikaratasi, na hakuna bahasha iliyokwenda bila jibu. Mwanzoni ni mambo ya lenzi, fremu zilizopinda, skrubu zilizopotea njiani. Baadaye fundi akaanza kuuliza mvua huko bara ikoje. Baadaye Kitinda akaanza kueleza mvua ikoje, na ukurasa ukamwishia. Halafu siku moja kikaja hiki: “Wiki hii mwandiko wako umelala upande. Umechoka au unaumwa?” Na kweli alikuwa anaumwa, siku tano ana homa, na nyumbani alikuwa amezungumza nao kwa simu mara mbili bila mtu kugundua. Mtu aliyekaa mwendo wa siku nzima kutoka kwake, asiyemjua sura wala sauti, alikuwa ameiona homa yake katika herufi. Usiku ule Kitinda alilia, na hata yeye hakujua analilia nini.

Vikaratasi vilifika ishirini na saba. Usiniulize nani alivihesabu.

Haya, wakati huo huo kule nyumbani kaka mkubwa, aliyewalea wote tangu baba yao afariki, alikuwa amepokea posa. Mposaji ni daktari wa mifugo, mtu mtaratibu, mwenye heshima zake, anayesalimia wakubwa kwa wadogo. Kasoro hana, na hilo ndilo lililomkera Kitinda. Angekuwa mlevi kazi ingekuwa nyepesi.

“Nimewazungusha wazee wa watu miezi miwili,” kaka mkubwa alisema kwenye simu. “Jumamosi saa tisa wanakuja kuchukua jibu. Saa nane nitakupigia. Nataka neno moja kutoka kinywani mwako, ndiyo au hapana. Sitaki ‘nitaona’. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, kaka.”

Siku ya pili yake Kitinda akaomba likizo ya siku nne. Wenzake hospitalini wakamwambia umefanya vizuri, kaoge bahari, umekonda. Akawaambia ndiyo, bahari. Mdomo ulisema bahari, moyo unasema mlango wa kijani, maana anwani ya duka aliijua kwa kichwa kama anavyoijua ya kwao.

Jumatano alifika. Alhamisi akatandika kanga ufukweni, akafungua kitabu, akasoma ukurasa mmoja mara nne, akakunja kanga, akaenda kulipita lile duka. Ijumaa vivyo hivyo. Kitandani analala chali, anageuka, anainuka, anafungua dirisha, analifunga. Alikuwa anaogopa, tuseme ukweli. Akiingia akakuta fundi ni mzee wa miaka sabini, au ana mke na watoto watatu, basi vikaratasi vyote ishirini na saba vitakuwa ujinga mtupu na itabidi amwambie kaka ndiyo. Na akiingia asikute hivyo je? Hilo lilimtisha zaidi.

“Wewe mgeni,” mama mwenye nyumba ya wageni alimwambia Jumamosi asubuhi, “tangu uje hapa unatembea kama aliyepotelewa na mbuzi. Umempata?”

“Bado.”

“Basi nenda ukamtafute vizuri, unanimalizia sakafu.”

Saa saba na robo mchana, begi lake la safari likiwa limeshafungwa kwa ajili ya basi la saa kumi, Kitinda alivuka barabara.

Nyuma ya kaunta alikaa mama mmoja mnene, kitambaa cheupe kichwani, anapangusa fremu moja moja na kuzipanga kwa ukubwa. Kitinda akamwamkia. Mama akaitikia, akamtazama juu mpaka chini, chini mpaka juu.

“Karibu. Unataka za kusomea au za jua?”

Kitinda alikuwa amejiandaa kusema, mimi ni fulani kutoka hospitali ya bara. Maneno hayo aliyakariri njia nzima. Ulimi ukamponyoka.

“Nataka kupimwa macho.”

“Mwanangu!” mama aliita kuelekea pazia la nyuma. “Mteja!”

Mashine iliyokuwa ikinguruma huko nyuma ikanyamaza. Pazia likafunguka akatoka mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mabega yameinama kidogo kwa kazi ya kuinamia meza, aproni imejaa vumbi jeupe la lenzi. Sura yake haikuwa ya kumsimamisha mtu barabarani. Lakini alipoinua uso Kitinda aliona kwamba fundi wa miwani wa mji mzima amefunga mkono wa miwani yake mwenyewe kwa uzi mweusi, akataka kucheka, akataka kulia, akaishia kukohoa.

“Karibu dada. Pita huku.”

Chumba cha kupimia kilikuwa chembamba, kiti kimoja, kigoda kimoja, ubao wa herufi ukutani na taa ndogo juu yake. Fundi akashusha pazia, giza likaingia. Akaketi kwenye kigoda na karatasi mapajani.

“Haya, shida ni nini?”

“Mbali naona. Vitu vya karibu ndiyo vinanisumbua.”

“Tangu lini?”

“Kama miezi saba.”

“Unafanya kazi gani?”

“Nauza nguo,” Kitinda alisema, na uongo ule ukamshtua mwenyewe.

“Nguo gani?”

“Za watoto.”

“Kazi nzuri,” fundi alisema, akaandika. “Sawa. Ziba jicho la kushoto.”

Kitinda akaziba. Fundi, ambaye alikuwa ameshainua kijiti chake kuonyesha herufi, akakaa na kile kijiti hewani kidogo. Halafu akaendelea kama kawaida. Herufi za juu, za katikati, za chini. Akamwambia abadilishe jicho, akabadilisha. Akachukua tochi ndogo, akasogeza kigoda mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

“Sasa nataka kuangalia ndani. Utatazama…”

Kitinda alikuwa ameshatazama. Macho yake yalikwenda yenyewe juu ya bega la fundi, kwenye ubao, yakatulia pale bila kupepesa, namna anavyowasihi wagonjwa wake kila siku na hawasikii.

Fundi akainama. Uso wake ukawa karibu na uso wa Kitinda kiasi kwamba kila mmoja alisikia pumzi ya mwenzake. Kitinda alikuwa amefanya hivi kwa maelfu ya watu, amewasogelea wazee, watoto, askari, na moyo wake haukuwahi kuruka hata pigo moja. Leo ulipiga mpaka akaona haya, maana kwa umbali ule lazima unasikika. Pumzi ya fundi ilinukia tangawizi. Tochi ikatulia kwenye jicho la kulia kwa muda mrefu kuliko jicho la mtu yeyote linavyohitaji, ikahamia kushoto, ikakaa zaidi.

“Macho yako mazima kabisa,” fundi alisema polepole.

“Hata ya karibu?”

“Hata ya karibu. Ngoja nimalizie na kipimo kimoja.”

Akatoa rula ndogo ya chuma mfukoni, akailaza juu ya pua ya Kitinda, vidole vikamgusa kidogo kwenye kipaji cha uso.

“Sitini na moja,” alisoma. “Basi ni mtu.”

Nje ya pazia mama alikuwa anaendelea kupangusa fremu zake, zinagongana kidogo kidogo.

“Umejua tangu lini?” Kitinda aliuliza.

“Tangu ulipoziba jicho. Mteja hulibana kwa vidole mpaka linaona nyota, halafu ananilalamikia haoni. Wewe umeweka kiganja kama kikombe, hujaligusa. Mji huu wote anayeziba jicho hivyo ni mimi peke yangu.” Akatabasamu, tabasamu likamfia njiani. “Na mama aliniambia juzi kuna mwanamke anapita ng'ambo ya barabara. Nikamwambia labda anatafuta anwani. Jana akaniambia, amepita tena, sasa ni mara ya saba.”

“Mtume! Mlikuwa mnanihesabu?”

“Mama ndiye aliyehesabu. Mimi nilikuwa nahesabu Ijumaa. Jana haikuja bahasha. Nimekaa na mashine nimeharibu lenzi nne.”

Kitinda alifunika uso kwa mikono miwili, akacheka, na fundi naye akacheka, na kwa dakika chache wakawa kama watu waliofahamiana tangu utoto. Wakaulizana kuhusu yule bibi wa milimita tisini na mbili, ambaye siku hizi anasoma kitabu chake mwenyewe na anawakosoa wajukuu. Wakaulizana kuhusu homa. Fundi akamtazama wazi wazi sasa, bila tochi, na Kitinda hakugeuza uso.

“Siku tatu uko hapa,” fundi alisema. “Siku tatu! Mbona hukuingia?”

“Niliogopa.”

“Uliniogopa mimi?”

“Nilikuogopa wewe, nikajiogopa na mimi.” Akavuta pumzi. Aliona hakuna sababu ya kuzunguka tena, miguu imeshazunguka ya kutosha. “Nina posa nyumbani. Saa nane kaka yangu anapiga simu, nimpe neno moja. Saa tisa wazee wa watu wanakaa sebuleni kwetu wanasubiri. Nimekuja kwanza nikuone. Nilitaka kujua kama hivi vikaratasi ni kweli, au nimejitungia hadithi mwenyewe.”

Fundi alivua miwani yake, akaipangusa kwa pindo la aproni, akazidi kuichafua.

“Huyo mtu ni mzuri?”

“Mzuri.”

“Hanywi? Hapigi?”

“Ni daktari wa mifugo. Hata ng'ombe anawasemesha kwa upole.”

“Basi mimi sina haki ya kusema kitu.”

Kitinda alikaa wima kwenye kiti.

“Sikukuuliza habari ya haki. Nimekuuliza kama ni kweli.”

“Nimekuona kwa nusu saa,” fundi alisema, na sauti yake ikaanza kupanda. “Nusu saa! Unataka niseme nini? Nikwambie mkatae mtu asiye na kosa, uvunje nyumba ambayo haijajengwa, halafu mwezi ujao ugundue kwamba nakoroma, asubuhi nina hasira, chumba changu kiko nyuma ya mashine, na mama yangu ana mdomo…”

“Nakusikia!” sauti ilitoka nje ya pazia.

“Na ana masikio,” fundi alimalizia.

“Mwoga,” Kitinda alisema. Aliinuka. “Kwenye karatasi una maneno, unauliza mpaka mwandiko umelala upande gani. Nimekuja na miguu yangu, nimekaa mbele yako, sasa unanipa hukumu ya hakimu. Mwoga we!”

“Kama ni uoga, tumeugawana. Nani alizunguka duka mara saba?”

Pazia likavutwa, mwanga ukawapiga machoni wote wawili. Mama alisimama mlangoni, kitambaa cha kupangusia begani.

“Haya, tokeni humo gizani, mnagombana kama watu wa ndoa ya miaka kumi,” alisema. “Wewe binti, njoo ukae hapa.”

Kitinda akakaa kwenye kiti cha wateja. Mama naye akarudi nyuma ya kaunta, akaegemeza viwiko.

“Nikwambie kitu, na usinichukie. Lafudhi yako tu imeniambia umetoka ng'ambo ya mpaka. Sina neno na hilo. Lakini miaka miwili iliyopita alikuja mwingine wa kujitolea kama wewe. Nesi. Msichana mwema, mkarimu, ukimtazama unasema huyu ndiye. Miezi mitatu walikuwa wanacheka hapa dukani mpaka wateja wanasahau walichofuata. Mkataba ukaisha, akafunga begi, akasema nitaandika. Huyu mwanangu alikaa nusu mwaka anakata vioo tu, chakula hali, maneno hasemi. Nilikuwa namsikia yule nesi katika kimya chake.”

“Mama,” fundi alisema.

“Nyamaza, nazungumza na mgeni wangu. Nyinyi watu wa kujitolea ni watu wazuri, sikatai, mnatusaidia. Lakini mnakuja mkijua siku ya kuondoka. Sisi tunabaki. Wewe mkataba wako umebaki muda gani?”

“Miezi minne.”

“Miezi minne,” mama alirudia. “Na nyumbani kwenu una mchumba anasubiri jibu. Hebu jiweke mahali pangu, ungesema nini?”

Lililomuuma Kitinda ni kwamba mama alikuwa anasema kweli. Alimtazama fundi. Fundi alikuwa anatazama vidole vyake, vile vidole vyenye makovu madogo ya lenzi zilizovunjika. Hata “mama umekosea” hakusema.

Simu ikalia mkobani.

Saa nane kamili, kaka mkubwa na saa ni ndugu. Kitinda angeweza kutoka nje. Barabara ilikuwa hatua nne kutoka pale. Lakini aliona kwamba amechoka kusimama ng'ambo ya barabara, akapokea hapo hapo, katikati ya miwani mia mbili zilizokuwa zikimtazama kutoka ukutani.

“Kaka.”

“Kitinda. Haya, nimeandaa viti. Neno moja.”

“Hapana, kaka.”

Upande wa pili kiti kikakwaruza sakafu.

“Hapana? Mtu amekukosea nini?”

“Hajanikosea. Ni mtu mzuri kuliko ninavyostahili. Ndiyo maana nakataa. Nikisema ndiyo leo, nitakaa nyumbani kwake nikiwaza mambo mengine, na yeye hatajua kwa nini mkewe hasikii akiitwa. Sitaki kumfanyia hivyo. Mwambie namheshimu, na mwambie mimi mwenyewe ndiye niliyekataa, wala si wewe.”

“Kuna mtu,” kaka alisema. Halikuwa swali.

Kitinda aliinua macho. Fundi alikuwa ameganda karibu na pazia, uso umempauka. Mama alikuwa ameinua viwiko kutoka kwenye kaunta. Angeweza kusema ndiyo, akamtupia yule kijana mzigo mbele ya mama yake. Lakini hakutaka kumpata mtu kwa kumfumania.

“Hakuna mtu, kaka.”

“Kitinda!”

“Hakuna mtu.”

Simu ikakatwa, na hakuwa yeye aliyeikata. Kitinda akairudisha mkobani, akavuta zipu mara tatu, ikakataa kufunga. Kaka yake hajawahi kumkatia simu maisha yake yote. Sasa alikuwa hana mchumba, hana kaka, na hana fundi, yote kwa siku moja, na basi linaondoka saa kumi. Akainuka.

“Asante mama kwa kunikaribisha. Fundi, oda za wiki hii nitazituma Ijumaa.”

“Ngoja kwanza,” mama alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. “Huyu amekuahidi kitu humo ndani?”

“Hapana.”

“Hata kidogo? Hata nitakuandikia?”

“Ameniambia anakoroma.”

“Na bado umemkataa yule mwingine?”

“Sikumkataa kwa ajili ya huyu. Nimemkataa kwa sababu moyo wangu haupo kule. Ulipo kama hautakiwi, hiyo ni shida yangu, mama, nitakwenda nayo kwenye basi.”

Mama alimtazama kwa muda. Kisha akageuka kwa mwanawe, na nakwambia, lile jicho hakuna lenzi ya kulipunguza makali.

“Na wewe umesimama hapo kama fremu isiyo na kioo?”

“Mama, ni wewe uliyesema…”

“Nilisema yangu! Mimi ni mama, kazi yangu kusema. Yako iko wapi? Yule nesi alipoondoka ulimwambia baki? Ulimuuliza hata anwani? Ulisimama hapo hapo, hivyo hivyo, miguu yako ikiwa mahali hapo hapo!”

Fundi alifungua mdomo. Na Mungu anajua angesema nini, kwa sababu simu ililia tena.

Kitinda aliipokea akiwa ameshafika mlangoni, na hakuwa na haja ya kuiweka sikioni. Kaka mkubwa alikuwa amepata pumzi yake, na duka zima lilimsikia.

“Usinifanye mimi mtoto, Kitinda! Nimekulea, nakujua! Mtu hakatai posa namna hii kwa sababu ya moyo tu, moyo gani huo! Kuna mtu huko! Yuko wapi? Amejificha wapi huyo mwanamume anayekuacha useme peke yako? Kama ni mwanamume nimsikie sauti!”

“Kaka, nakuomba…”

Aproni yenye vumbi jeupe ilikuwa imesimama mbele yake. Kitinda hakumwona fundi alivyovuka duka. Alikuwa amenyoosha mkono, kiganja wazi, na macho yake, kwa mara ya kwanza tangu mama avute pazia, hayakutazama chini.

“Nipe simu.”

“Utamwambia nini?” Kitinda alinong'ona.

“Sijui. Nitaanza na kumwamkia.”

Akampa. Fundi aliishika kwa mikono miwili.

“Shikamoo kaka.”

Sauti ya upande wa pili ilikatika katikati ya neno. Kitinda alimjua kaka yake. Alikuwa mtu wa hasira, aliyewahi kufukuza wageni sebuleni, aliyewahi kuvunja meza. Lakini shikamoo ya mtu hakuwahi kuiacha ikining'inia, hata ya adui. Alimwona kichwani mwake, amesimama kati ya viti alivyoviandaa, mishipa imemtoka shingoni, anapigana na ulimi wake. Mama naye alikuwa ameshika pembe ya kaunta.

Kule kiti kikakwaruza tena.

“Marahaba,” kaka mkubwa alisema mwishowe, kwa shida, kama mtu anayesukuma kabati. “Wewe ni nani?”

Fundi akamtazama Kitinda.

“Mimi ndiye yule mtu uliyeambiwa hayupo.”